Glasgow mjini kati: usiishie kwenye koni

Kila mgeni anayekuja kunitembelea huku Scotland swali lake la kwanza ni lilelile, twende wapi, na jibu langu siku zote ni mjini kati, kwa miguu, manake Glasgow mji wake wa kati sio mkubwa kihivyo, ukivaa viatu vya maana unaumaliza nusu siku, na Edinburgh yenye ngome yake na watalii wake ipo tu, treni haifiki hata saa moja, utaenda siku nyingine. Edinburgh ni nzuri sibishi. Ila inajijua kwamba ni nzuri, imekaa kama bibi harusi anayesubiri mpiga picha. Glasgow haina muda huo. Hapa ukisimama kushangaa jengo mtu anakupita na mfuko wake wa chipsi anakwambia bila kuulizwa, angalia juu. Na ana haki. Chini ni maduka ya simu na sigara za umeme, ila ukiinua shingo kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu kuna sura za watu zimechongwa kwenye mawe, kuna meli, kuna malaika, kuna wanaume wenye ndevu wamebeba baraza mabegani, mchanganyiko mtupu.

Safari hii mgeni alikuwa mjomba wangu kutoka Mwanza, mstaafu, mtu wa meli, miaka mingi alikuwa MV Victoria zile enzi inatoka Mwanza jioni inaamkia Bukoba. Mtu ambaye hata ukimpeleka peponi ataulizia kwanza injini iko wapi. Kwa hiyo nikajua hii matembezi haitakuwa ya kawaida.

Tukaanzia Central Station kwa sababu ndio mlango wa mji. Stesheni ilifunguliwa 1879, ikapanuliwa mwanzoni mwa karne iliyofuata, paa lote vioo juu ya vyuma, na ndani kuna saa kubwa inaning'inia ambayo watu wa hapa wakipangana kukutana wanaambiana tu chini ya saa, hakuna haja ya kutuma location. Mjomba alisimama katikati ya ukumbi watu wanamkwepa huku na huku, yeye anahesabu misumari ya vyuma kwa macho. Akasema hawa watu walikuwa wanajenga meli hata walipokuwa wanajenga stesheni. Sikuwahi kuliona hivyo ila kweli, ukiangalia ile kazi ya chuma unaona mikono ileile.

Ukitoka upande wa Argyle Street unajikuta chini ya daraja. Yaani reli zinapita juu kwa juu ya barabara, pembeni kuna ukuta mrefu wa vioo, na chini ni giza giza, maduka, kebabu, harufu ya mafuta ya kukaangia, mabasi yanaguruma. Sehemu hii wanaiita Mwavuli wa Wahighland. Karne ya 19 watu wa milimani huko kaskazini, wale wanaoongea Kigaeli, walifurushwa kwenye ardhi zao au njaa iliwasukuma wakaja Glasgow kutafuta kazi viwandani na majumbani mwa watu, na siku za mapumziko walikuwa hawana pa kukutania bila kulowa, basi wakawa wanakutana hapa chini ya reli kupashana habari za kwao. Mtu yeyote aliyewahi kuishi ugenini anaijua hiyo sehemu hata kama hajawahi kufika Glasgow. Kila mji mkubwa una kona yake ambayo watu wa kabila fulani lazima utawakuta Jumapili.

Sasa twende kwenye koni.

Mbele ya jumba la sanaa za kisasa, GoMA, pale Royal Exchange Square, kuna sanamu ya Duke wa Wellington juu ya farasi, yule mzee aliyempiga Napoleon kule Waterloo 1815. Sanamu iliwekwa 1844, kazi ya fundi wa Kiitaliano anaitwa Carlo Marochetti, shaba tupu, heshima tupu. Na kichwani mwa Duke kuna koni ya barabarani. Zile za rangi ya machungwa za kuzuia magari. Haikuwekwa na serikali, haikuwekwa na msanii, iliwekwa na walevi, miaka ya themanini huko, halmashauri wakaitoa, wikiendi iliyofuata ikarudi, wakaitoa, ikarudi, mpaka leo. Kuna siku farasi naye anakuwa nayo ya kwake. Mwaka 2013 halmashauri wakapata wazo kwamba wainue jiwe la chini ya sanamu liwe refu ili watu washindwe kupanda, mradi mzima kama pauni 65,000, jamani, watu walikuja juu ndani ya siku moja saini zaidi ya elfu kumi mtandaoni za kutetea koni, na halmashauri wakarudi nyuma kimyakimya. Banksy, yule mchoraji asiyeonyesha sura, alifanya maonyesho yake hapohapo GoMA 2023 na akasema koni hiyo ndio kazi ya sanaa anayoipenda kuliko zote Uingereza.

Mjomba hakucheka. Aliizunguka sanamu akaja akaniuliza, huyu mzee ana ndugu zake? Nikamwambia wapo, ni familia kubwa. Akasema basi wana moyo.

Mimi koni naipenda, nisidanganye. Ila nimeishi huku muda wa kutosha kuona kitu kinachonikera kidogo, kwamba watu wote pale uwanjani wamegeuzia simu zao farasi na hakuna hata mmoja anayeuliza lile jumba la nyuma lenye nguzo kubwa kubwa ni la nani. Basi ni hivi. Kiini cha jumba lile ilikuwa nyumba ya mtu mmoja, William Cunninghame, ilimalizika 1778, nguzo za mbele ziliongezwa baadaye lilipokuwa soko la wafanyabiashara. Cunninghame alikuwa tajiri wa tumbaku. Na tumbaku yenyewe ilitoka Virginia na Maryland, ililimwa na watumwa, watu waliotolewa Afrika Magharibi, ikaja kwa meli hadi mto Clyde, na kuna kipindi karne ile ya 18 zaidi ya nusu ya tumbaku yote iliyoingia Uingereza ilipitia hapa. Kwa hiyo unacheka Duke na koni yake umesimama kwenye ua wa nyumba iliyojengwa kwa jasho la watu ambao hawakuwahi kuiona.

Na ukishajua hilo mji wote unabadilika. Mtaa wa Buchanan, ule wa maduka ya bei mbaya, Andrew Buchanan tumbaku. Glassford Street, John Glassford tumbaku. Ingram Street hivyohivyo. Virginia Street haihitaji maelezo, na Jamaica Street inashuka hadi mtoni, hiyo ni ya sukari na ramu. Eneo zima leo linaitwa Merchant City, mji wa wafanyabiashara, kuna migahawa ya taa hafifu, glasi moja ya waini bei ya debe la mahindi. Huyo Glassford kuna picha ya familia yake ilichorwa miaka ya 1760, ipo kwenye makusanyo ya makumbusho ya jiji, yeye na mke na watoto wamevaa hariri, na nyuma kabisa pembeni kuna kijana mweusi, mtumishi. Miaka na miaka watu walikuwa wanasema familia iliona aibu ikamfuta kwa rangi. Picha ilipokuja kusafishwa ikaonekana hakuna aliyemfuta, uchafu tu ulikuwa umemfunika. Hiyo habari mimi huwa inanikaa kichwani kuliko koni.

Juni 2020 wanaharakati walizunguka usiku wakabandika majina mengine chini ya vibao vya mitaa, Buchanan ikawa George Floyd, yule Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, Wilson ikawa Rosa Parks, mama aliyepinga ubaguzi wa rangi Marekani. Na 2022 halmashauri ya jiji, baada ya utafiti mrefu wa kitaalamu, iliomba radhi rasmi kwa jinsi mji ulivyonufaika na utumwa. Majina ya zamani yako palepale. Mjomba alisoma kibao cha Virginia Street akauliza kama tumbaku ile ni sawa na ya Urambo, nikamwambia tumbaku ni tumbaku anko, akasema hapana, hujui tumbaku.

Kuna sehemu moja lakini ambayo jina lilibadilishwa na likabaki, na ni pua na mdomo na hapo. Ukipanda Buchanan Street kidogo kushoto kuna kanisa limekaa katikati ya uwanja mdogo magari yanalizunguka. Zamani iliitwa St George's Place. Miaka ya themanini ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ya makaburu ulikuwa na ofisi kwenye jengo la hapohapo. Glasgow ilikuwa tayari imempa Mandela ile heshima kubwa ya jiji wanayoiita uhuru wa jiji 1981, yuko gerezani bado, na inatajwa kuwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. Halafu 1986 wakaona haitoshi, wakabadilisha jina la uwanja ukaitwa Nelson Mandela Place. Yaani kila barua ya serikali ya makaburu ikitaka kufika ofisini kwao lazima iandikwe jina la mfungwa wao. Huo ni uchokozi wa kiwango cha juu kabisa, hakuna ngumi wala jiwe, kibao cha mtaa tu. Mandela mwenyewe alikuja Oktoba 1993 kushukuru, mvua inanyesha kama kawaida ya huku, akacheza jukwaani George Square mbele ya umati. Hapo mjomba ndio alicheka sasa, alicheka mpaka akashika ukuta, akanitaka nimpige picha na kibao, na nyingine, na nyingine ameinua ngumi.

Buchanan Street yenyewe haina magari, ni ya waenda kwa miguu, na ukitaka sinema ya bure kaa pale kwenye ngazi za ukumbi wa muziki juu kabisa. Kuna kijana anapiga gita na spika kubwa kuliko yeye, hatua hamsini mbele kuna mwingine anapuliza zile zumari za mfuko amevaa sketi ya mistari, sauti zinagongana katikati, mhubiri naye ana kipaza sauti chake, akina mama wa Kiskoti wazee wanapita mikono imejaa mifuko wanaongea kwa sauti kama wanagombana kumbe wanasifia hali ya hewa. Seagull ni majambazi. Sio utani, wale ndege wakubwa weupe wanakuibia sandwichi mdomoni, nimeona mtu mzima anakimbizana na ndege. Jua likitoka hata dakika kumi wanaume wanavua mashati palepale barabarani nyuzijoto 17, wekundu kama kamba aliyechemshwa kabla ya saa nane mchana. Na siku za mechi usivae kijani wala bluu kama hujui unachofanya, Celtic na Rangers huku sio mambo ya Simba na Yanga ya kutaniana kazini kesho yake, kuna dini ndani yake na kuna historia ya Ireland.

Pale juu kwenye ngazi kuna sanamu nyingine, Donald Dewar, waziri kiongozi wa kwanza wa Scotland bunge lilipoanza 1999, alifariki mwaka uliofuata. Amesimama kawaida tu na koti lake limekunjamana na miwani. Sanamu iliwekwa 2002 na watu wakawa wanaivunja miwani kila mara, ikabidi ishushwe irudishwe 2005 juu ya jiwe refu. Umeona? Wakubwa wa hapa hawana raha hata wakishakufa.

George Square nitaipita haraka kwa sababu 2025 walianza kuijenga upya na masanamu mengi yakapelekwa kukarabatiwa, uzio kila mahali. Cha kuchekesha ni kwamba uwanja una jina la mfalme George III ila juu ya ile nguzo kubwa katikati hayupo mfalme, yupo Walter Scott mwandishi, tangu 1837. City Chambers upande wa mashariki ingia kama kuna ziara ya bure, ngazi za marumaru za Italia, Malkia Victoria alikuja kuifungua 1888. Na uwanja huohuo Januari 31, 1919 polisi walipigana na wafanyakazi waliogoma wakitaka wiki ya kazi ya saa 40, serikali ikaleta wanajeshi na vifaru mjini.

Kutoka hapo tukakata George Street tukatokea High Street, ndio mji wa kale wenyewe, na ukutani kwenye pembe ya nyumba kuna mchoro wa ghorofa kadhaa, mwanaume wa siku hizi, ndevu, koti na kofia ya baridi, kidoleni ana ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Ilichorwa 2016 na jamaa anajiita Smug. Huyo ni Mtakatifu Mungo, mwenye mji, ambaye hadithi inasema alimfufua ndege wa namna hiyo wenzake walipomuua. Nyuma ya kichwa chake kuna mwanga kama wa kwenye picha za kanisani, ila bila huo ungesema ni jamaa anasubiri basi. Kwangu mimi huo mchoro ndio kitu kizuri kuliko vyote mjini kati, na ni bure na hauna foleni.

Kaburi la Mungo liko kanisa kuu pale juu, na nyuma ya kanisa kilima kizima ni makaburi, Necropolis, matajiri wamezikwa kwenye vijumba vyenye nguzo. Mjomba hakutaka kupanda, alisema makaburi ya watu asiowajua hayamhusu. Haki yake.

Lakini nje ya kanisa alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Livingstone. David Livingstone wa Ujiji, wa Zanzibar, wa vitabu vyetu vya shule. Alizaliwa Blantyre, kilomita chache tu kutoka hapa, 1813, akafanya kazi kiwanda cha pamba tangu ana miaka 10, akasomea udaktari hapa Glasgow. Sanamu ilikuwa George Square zamani ikahamishiwa huku. Mjomba akaizunguka kama alivyomzunguka Duke, anasoma, akaniuliza, Chuma na Susi wako wapi? Nikamwambia hawapo. Akarudia kuangalia upande wa nyuma, kama vile wamefichwa. Unajua wale vijana na wenzao ndio walioukausha mwili wa huyu mzee 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, wakaubeba kwa miguu miezi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, vinginevyo Waingereza wasingekuwa na cha kuzika pale Westminster. "Waliobeba mzigo hawapo, aliyebebwa yupo," akasema mjomba, na akakataa kupigwa picha hapo. Hakuna koni kwa Livingstone pia, nimegundua.

Tukashuka mjini tukapanda sabwei, ile treni ya chini ya ardhi ya 1896, mji wa tatu duniani kuwa nayo baada ya London na Budapest. Ina stesheni 15 kwenye mduara mmoja, inazunguka tu, haijawahi kuongezwa hata kipande, na behewa zake ni ndogo mpaka mtu mrefu anainama. Huwezi kupotea, ukipitiliza kaa tu utarudi. Mjomba aliipenda sana hiyo akataka tuzunguke mduara mzima, tukazunguka, dakika kama 24.

Kisha nikampeleka mtoni Finnieston, kuna kreni kubwa jeusi limesimama tangu miaka ya 1930 halifanyi kazi tena. Hapa ndipo nilikuwa nimejiandaa. Lilijengwa la kunyanyua tani 175, na kazi yake kubwa ilikuwa kupakia vichwa vya treni melini. Vichwa vilitengenezwa Springburn, kaskazini ya mji, kampuni ya North British, vinavutwa kwenye matela taratibu katikati ya mitaa ileile tuliyotoka kutembea, watoto wanakimbia pembeni, hadi hapa, halafu baharini. Vya Afrika Mashariki vilikuwemo kwenye kazi za kampuni hiyo, vile vilivyopewa majina ya makabila. Kimoja kiko makumbusho ya reli Nairobi, namba 3020, jina lake Nyaturu, cha 1955. Mnyaturu wa Singida kazaliwa Glasgow. Nilidhani hilo litamshangaza.

Akaniangalia kwa huruma. "Anko, unanifundisha mimi?" Akanieleza kwamba Victoria yake imetengenezwa huku huku, yadi ya Yarrow, Scotstoun, Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, meli hadi Mombasa, treni hadi Kisumu, ikaungwa upya ziwani na kuanza kazi 1961, na zile za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, nazo za Yarrow hivyohivyo, na kwamba hayo maneno Scotstoun Glasgow alikuwa anayaona kila siku ya kazi kabla mimi sijajua kusoma. Ndio hiyohiyo iliyokarabatiwa ikarudi majini 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Kumbe mzee kakubali siku nzima ya masanamu akisubiri niseme neno Scotstoun na mimi sisemi.

Kesho yake tukaenda, ni treni fupi kuelekea magharibi. Yadi siku hizi ni ya kampuni ya BAE, wanatengeneza meli za kivita, kwa hiyo huingii, unaona mabanda makubwa na uzio. Mjomba akapiga picha ya uzio kutoka kila upande, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la wastaafu wenzake wa meli, na mpaka tunarudi stesheni simu ilikuwa haijanyamaza, wazee wa Mwanza wanabishana injini za kwanza za Victoria zilikuwa za kampuni gani, na mmoja anamwambia aache uongo, hiyo ni geti ya Mombasa.